Bibi alizaliwa "mwaka wa nzige", baba mkubwa kashatangaza sherehe ya miaka 100, naombeni msaada wa hesabu

MjukuuWaTatu

Wakuu habari za wikiendi. Nina jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa, naombeni mnisaidie hasa nyie ambao wazee wenu bado wapo au mliokaa nao mkawasikiliza.

Bibi yangu mzaa baba yupo huko uchagani, akili iko sawa kabisa ila masikio ndo yamechoka, ukitaka kuongea nae lazima usogee upande wa kulia upaze sauti. Kitambulisho chake kinasema kazaliwa 01/01/1925. Baba mkubwa kaishika hiyo tarehe, kaunda kamati, kafungua grupu la wasapu, michango inaingia, ukumbi ushalipiwa, Desemba tukipanda wote kwenda kuhesabiwa tunamfanyia sherehe ya miaka 100. Mimi nikapewa kazi ya kuandika risala ya maisha yake na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Nilimfuata nikamuuliza bibi ulizaliwa mwaka gani, akasema mwaka wa nzige. Nikamwambia si ni 1925? Akaniangalia kama nimemtukana. Anasema hiyo aliiandika kijana mmoja wakati wa kuandikishwa, alimuuliza mwaka akasema haujui, kijana akamtazama usoni kidogo, akaandika. Yaani umri wa bibi yangu umekadiriwa kwa makunyanzi.

Mengine niliyoyapata kwake ni vipande vipande. Wao ni wanne, yeye ndo wa mwisho. Kaka yao mkubwa (marehemu) alizaliwa "rupia zinaondoka". Kuna mwaka anaukumbuka watu walivunja ghala la kahawa, yeye alikuwa mdogo na meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, anakumbuka hilo kwa sababu kaka zake walikuwa wanamcheka na baba yao akawakemea wote wanyamaze ndani. Vita ya Hitla ilimkuta anashuka porini kukata majani. Aliolewa askari wa Burma walipokuwa wanarudi, kwenye harusi yake kulikuwa na mmoja amevaa koti la jeshi siku nzima na jua linawaka.

Kwa hiyo maswali mawili. Moja, mwaka wa nzige ni upi? Mbili, maisha ya mtoto kwenye familia ya wakulima kipindi kile cha katikati ya vita mbili yalikuwaje hasa, kazi gani, wanavaa nini, hela inatoka wapi? Risala yangu mpaka sasa ina sentensi moja, "alizaliwa katika familia ya wakulima", na kila risala ya msiba na harusi nchi hii ina hiyo sentensi. Nawasilisha.

---

Kiti_Moto_Cha_Mbele

Mkuu kitambulisho ndo kinajua kuliko bibi. 1925 imeandikwa, imegongwa muhuri, kula keki. Halafu KNCU, kile chama cha ushirika wa kahawa, si ilianzishwa 1925, hiyo ghala ya kahawa inaingia hapohapo, hesabu imekubali.

---

Dungu

@Kiti_Moto_Cha_Mbele hapana, unachanganya vyama viwili. Cha 1925 kilikuwa KNPA, kile cha wakulima wenyewe kilichoongozwa na Joseph Merinyo. KNCU imekuja baadae, 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932 kupita. Na hiyo habari ya kuvunja maghala sio ya mwanzoni, ni 1937. Bei ya kahawa ilikuwa chini miaka yote ile toka dunia ilipodorora 1929, na wakulima walikuwa wanabanwa kuuza kupitia ushirika tu, watu wakachoka, vurugu zikatokea sehemu kadhaa za mlimani na maghala yakashambuliwa.

Sasa mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka ana miaka mingapi? Sita, saba, akichelewa sana nane. Toa hapo kwenye 1937. Huyo hajazaliwa 1925, mwenye miaka kumi na mbili ana meno yote.

---

Mlima_Pamba

Aisee hiyo ya meno nimeipenda, hakuna karani angeuliza swali kama hilo.

Mwaka wa nzige ndo mtego wenyewe. Hata kwetu Usukumani wazee wanasema mwaka wa nzige na ukiwakalisha wawili wanagombana maana kila mmoja ana nzige wake. Nzige wale hawakuja mwaka mmoja wakaondoka, walianza mwishoni mwa miaka ya 20, kina nzige wa jangwani, halafu kuanzia 1930 wakaja wale wekundu ambao bonde la Rukwa ni moja ya mazalio yao makubwa, na hao walisumbua Afrika mashariki na kusini mpaka katikati ya miaka ya 40. Kwa hiyo ukiambiwa nzige unauliza nzige gani, wakubwa waliokuja wanaruka wakafunika jua, au funutu, wale wachanga wasio na mabawa, waliokuwa wanatembea chini kama maji? Babu yangu alikuwa anasimulia funutu kuliko wale wa kuruka, maana wa kuruka unapiga madebe unawasha moto wa moshi wanahamia kwa jirani (na jirani nae anakupigia debe warudi kwako), ila funutu mnachimba mtaro, mnawaswaga na matawi watoto kwa wakubwa, wakiingia mnafukia. Alisema usiku ulikuwa unasikia shamba linatafunwa.

Baada ya hapo serikali ya Mwingereza ikakazania muhogo, kila kaya ilime muhogo wa akiba ya njaa, kwa sababu mzizi uko chini nzige haufikii. Wazee walikuwa wanaulalamikia muhogo lakini ndo uliowaweka hai, na hadi leo mama yangu akiona shamba halina kipande cha muhogo anasema hao watu hawana akili.

---

mzee_wa_mfongo

Nimesoma nikaona niandike japo mimi si mwandikaji wa simu, mjukuu wangu ndiye ananishikia. Mimi nimezaliwa baada ya hiyo vita ya pili lakini mama yangu ni rika la bibi yako na nimekulia mgongoni kwake na jikoni kwake, kwa hiyo nitakayosema ni ya kwake.

Kwanza elewa nyumba. Ilikuwa ile ya nyasi toka juu mpaka chini, ndani watu upande huu, ng'ombe upande ule, mbuzi katikati ya miguu ya watu. Ng'ombe hawatoki. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa, utamchungia wapi? Kwa hiyo ng'ombe anakaa ndani na majani yanamfuata, na mwenye kuyafuata majani ni mwanamke na binti. Wanaondoka kabla hakujakucha wanashuka porini, huko tambarare kunakoota nyasi, wanakata kwa panga, wanafunga mzigo mrefu kuliko wao wenyewe, wanapanda nao mlima. Saa nne hivi unaona njia nzima ni mizigo ya majani inatembea, mtu humuoni, unaona miguu tu. Binti wa miaka minane ana mzigo wake mdogo. Mama aliniambia alikuwa anaujua mlima kwa shingo, akifika mahali fulani shingo inamwambia hapa ndo panaanza kona ya mwisho.

Samadi ya yule ng'ombe inakwenda kwenye mgomba, mgomba unatoa ndizi na kivuli cha kahawa, shina la mgomba likikatwa linarudi kwa ng'ombe. Hakuna kilichotupwa. Huko chini tambarare ndiko kwenye shamba la ulezi na mahindi na maharage, na ulezi una ndege, na ndege wana watoto wa kiume. Unajengewa dungu, unakaa juu na kombeo toka alfajiri mpaka jioni unaamia ndege, chakula ni ndizi ya kuchoma ya jana. Ulezi wenyewe sehemu kubwa unaishia kwenye mbege, kwa hiyo mtoto analinda pombe ya wakubwa, lakini bila mbege hakuna mahari, hakuna tambiko, hakuna kikao, hata kuitisha watu wa kusafisha mfongo huwezi.

Mfongo ni habari nyingine. Maji yanatoka juu mtoni yanaletwa kwa mfereji wa kuchimbwa kwa mkono, na kila ukoo una siku yake na saa yake. Mtoto anatumwa usiku kulinda maji yasikatwe njiani na jirani. Ndugu wa damu wamekatana mapanga kwa ajili ya maji. Mama alinisimulia alikaa usiku kwenye banio la mfongo na mdogo wake, wamejifunika kaniki moja, wanaimba kwa sauti ili wasiogope na ili mwizi wa maji ajue kuna mtu.

Sasa hela. Kahawa ilianza kwa mapadre wa Kilema miaka ya mwisho ya karne ya 19, lakini kwa mkulima wa kawaida imeshika hasa baada ya vita ya kwanza, yule mkuu wa wilaya Mwingereza aitwae Charles Dundas alihimiza sana. Usidhani ni mashamba makubwa, ni miti ya kuhesabika imesimama kwenye migomba. Inachumwa nyekundu tu. Jioni inamenywa, mwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono anaazimisha majirani, inalazwa na maji ulenda uachie, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja. Hapo ndo utoto wote ulipokuwa. Watoto wanakaa kuzunguka kichanja wanachambua mbovu, moja moja, na wingu likitokea kilele cha Kibo mmoja anapiga kelele wote wanakimbia kufunika. Kahawa ikinyeshewa kodi ya baba imenyeshewa. Mama alikula kofi moja tu la baba yake maisha yake yote na lilikuwa la kichanja.

Na hiyo kahawa hawakuinywa. Mama yangu kaonja kahawa nina watoto mimi, akatema, akasema hii ndo ilitufanya tukimbie na mvua miaka yote ile?

Kodi ndo ilikuwa mwaka wenyewe. Ukikosa ya kodi unakwenda kuitafuta kwa kibarua, wenzetu wengi wa mikoa mingine walikwenda manamba kwenye mkonge Tanga. Mwenye kahawa alipata nafuu ya kubaki nyumbani. Ikishalipwa kodi kinachobaki ni chumvi, kaniki ya mama, marekani ya kuvaa, jembe, kiberiti. Watoto walikuwa wanapewa senti yenye tundu, wanaitunga kwenye kamba wanavaa shingoni, wasichana hasa. Viatu hapana.

Kuhusu mwaka, rupia iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 20, ikaja florini kwa muda mfupi sana, halafu shilingi 1921 kwenda 1922. Kaka yake bibi mweke hapo. Wazee wetu walikuwa na adabu ya kuzaa, mama hapati mimba nyingine mpaka mtoto atembee ajitegemee, mwanamke akizaa haraka alichekwa. Miaka mitatu, mitatu na nusu. Hesabu mwenyewe, wa pili 1924 au 25, wa tatu 1927 au 28, wa nne ni huyo bibi yako.

---

MjukuuWaTatu

Shikamoo mzee, yaani nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Inakuja 1930, 1931. Na nzige wapo. Na meno 1937 yanakubali, miaka sita au saba. Ina maana bibi ana 95 au hajafika.

Baba mkubwa ataniua.

---

Kiti_Moto_Cha_Mbele

Nafuta kauli. Ila mchango usirudishwe tu.

---

shosho_wa_Molo

Niaje wasee, mimi niko upande wa Kenya, wacha niongeze kidogo maana naona hapa mnaongea kahawa kahawa, shosho yangu (bibi) angewaonea wivu. Kwetu miaka hiyo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa, ilikuwa ya mzungu, mpaka katikati ya miaka ya 30 ndio wakafungua kidogo huko Kisii na Meru. Kwa hivyo mkulima mtoto wa kwetu alikuwa mkulima wa shamba la mtu.

Shosho amezaliwa kwa shamba la settla huko Rift Valley, baba yake akiwa skwota. Maana yake mnapewa mahali pa kujenga na kulima na kulisha mifugo, na mnalipa kwa jasho, sheria ya 1918 ilisema siku 180 kwa mwaka. Baba yake ana kipande kwa shingo, kile cha chuma cha kubeba karatasi, shosho alikuwa anadhani wanaume wote huzaliwa nacho. Mwanzoni haikuwa mbaya sana kwa sababu walikuwa na ng'ombe na mbuzi wengi kuliko waliobaki Gikuyu, mahindi pia. Halafu mwishoni mwa miaka ya 20 ikaja kile wao wenyewe waliita KIFAGIO, masettla walisema mifugo ya maskwota imezidi, wakafagia. Shosho alikuwa na kondoo mmoja mweupe aliyepewa na guka yake (babu). Hiyo ndio story ya utoto wake ambayo angeirudia, kondoo alifungwa kamba akaondolewa na wengine, baba yake akauza kwa bei ya kutupa siku hiyohiyo, na usiku boma likawa kimya, anasema hakuwa anajua wanyama hufanya kelele ya kupumua usiku mpaka siku hiyo waliondoka.

Halafu miaka ya 30 ikaja pareto, maua meupe yale ya dawa ya wadudu, watoto ndio wachumaji kwa sababu vidole vidogo na halihitaji nguvu, unajaza kikapu unapimiwa. Alikuwa anawasha macho mpaka akiwa mzee akiona daisi yoyote anakunja uso.

Kuhusu kujua mwaka mimi nilitumia jua. Alisema mama yake alikuwa na mimba yake siku jua lilikufa asubuhi, kuku wakarudi kulala na watu wakatoka nje wakipiga vyombo. Nikatafuta kwa intaneti, kupatwa kwa jua kabisa kulipita Uganda na Kenya tarehe 14 Januari 1926, na ilikuwa asubuhi kweli. Nililia kidogo sitadanganya. Uliza bibi wako kama alisikia hiyo kutoka kwa mama yake, huko Kilimanjaro mko karibu lazima jua lilipungua sana, kama kaka ya tatu alikuwa amezaliwa ama bado.

---

Dungu

@shosho_wa_Molo hiyo ya jua ni dhahabu, kwa sababu nzige wana miaka kumi na tano lakini lile jua lina dakika.

Mkuu mleta mada fanya na hii, nenda parokiani au usharikani kwao uombe kwa adabu kuangalia kitabu cha ubatizo. Uchagani misheni zilikuwa zinaandika toka zamani. Angalizo, wengi walibatizwa wakubwa kwa hiyo tarehe ya ubatizo sio ya kuzaliwa, angalia kama wameandika umri au kama ni kichanga. Na usimtafute bibi peke yake, tafuta na kaka zake, jina la baba ndo litakuongoza maana majina ya ubatizo yanajirudia kila ukurasa, utakutana na akina Maria arobaini.

Halafu kama una muda kuna gazeti la Mambo Leo, lilianza 1923 likitolewa na serikali Dar kila mwezi, watu wa wilayani walikuwa wanaandika habari za kwao humo, nzige, mvua, mashairi ya kugombana. Maktaba kubwa zina nakala. Halitakupa bibi yako ila litakupa lugha ya wakati ule, risala itapendeza.

---

Mlima_Pamba

Na usisahau shule kwenye risala. Uliza nani alikwenda na nani hakwenda, maana jibu la hapo ndo linakuonyesha nyumba ilivyokuwa. Kwetu mtoto aliyepelekwa shule ya misheni alikuwa yule asiyejua kuchunga. Babu alikuwa mchungaji mzuri kwa hiyo akakosa shule, mdogo wake alipoteza ndama wawili mfululizo akapelekwa shule, akaja kuwa karani, akanunua baiskeli. Babu mpaka anakufa alikuwa anaamini alidhulumiwa na ustadi wake.

---

mzee_wa_mfongo

Kwetu msichana alikuwa anapata mwaka mmoja au miwili, ajue kusoma kitabu cha sala na kuandika jina, anaandika kwenye kibao cha sleti anafuta kwa mate. Halafu majani yanamwita. Muulize bibi yako kama anaweza kuandika jina lake na kama analiandika kwa herufi kubwa zote. Ndivyo walivyofundishwa hao.

---

MjukuuWaTatu

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya siku kumi na moja.

Nilipanda Ijumaa. Parokiani nilipokelewa vizuri, mama mmoja wa ofisini alinitolea kitabu kikubwa kuliko meza yake, mwandiko wa wino wa kahawia umelala upande kama nyasi zilizopigwa upepo, na maneno mengi ni Kilatini. Tumekaa masaa matatu. Bibi sikumpata, kuna kurasa maji yaliingia zimegandana, hatukuthubutu kuzibandua. Ila kaka yake wa tatu nimempata! Jina la baba yake sawasawa, kijiji sawasawa, kabatizwa kichanga cha wiki mbili, Machi 1928. Nilipiga ukelele yule mama akacheka. Kwa hiyo wa tatu ni 1928 na bibi ni wa nne, mwenye akili na ahesabu, 1930 mwishoni au 1931. Mzee wa mfongo ulipiga mwaka kwa adabu ya kuzaa tu, bila karatasi.

Nikamuuliza la jua. Akasema hilo ni la kaka yake wa pili, alikuwa anatambaa jua likapungua, mama yao alimkimbiza ndani akamfunika na ngozi ya mbuzi. Hakuliona yeye, alisimuliwa. Kama huyo wa pili ni wa 1925 basi Januari 1926 anatambaa, limekaa sawa.

Jina nilimpa karatasi na peni. Aliandika herufi kubwa zote, taratibu, na mwisho akaweka nukta kubwa kama ameshindilia kitu. Shule alikwenda mwaka mmoja na nusu. Aliachishwa kwa sababu ng'ombe alizaa mapacha na majani yakawa hayatoshi, na hilo la mapacha analisimulia kwa furaha kabisa wala hasikitiki, mimi ndo nilikuwa nasikitika peke yangu pale.

Kamba ya senti anayo! Sikuwahi kuijua, alimtuma dada wa kazi aitoe kwenye kopo la chai juu ya kabati. Zipo tisa, zimechakaa mpaka tundu zimekuwa kubwa. Moja ni ya senti kumi ya 1936, ina jina la mfalme Edward wa nane, yule aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaachia ngazi. Bibi hajui habari ya mfalme yeyote. Anasema hiyo alipewa na baba yake siku walipouza kahawa yote bila hata debe moja kurudishwa, na kwamba alikuwa anataka kuila ila kaka yake akamwambia senti hailiki ndo akaivaa.

Sasa kikao cha kamati. Nimeweka ushahidi wote kwenye grupu, picha ya kitabu cha ubatizo, meno, jua, nzige, kila kitu. Kimya dakika ishirini. Halafu baba mkubwa akaandika kwamba fulana mia mbili zimeshachapwa MIAKA 100 na aliyechapa harudishi hela. Shangazi akasema tuongeze neno moja juu, KUELEKEA. Imepita. Kwa hiyo Desemba tunasherehekea KUELEKEA MIAKA 100 na mhazini ameridhika.

Risala nimeandika kurasa nne, nyingi ni maneno ya mzee wa mfongo na nimeweka wazi kuwa nimesaidiwa. Jumapili baada ya misa nikamsomea bibi kwa sauti upande wa sikio la kulia, nyumba nzima inasikia mpaka jirani. Alikaa ametulia, fimbo katikati ya magoti, kwenye nzige akatikisa kichwa, kwenye kichanja cha kahawa akacheka akashika shavu lake, nadhani na yeye kuna kofi pale. Nikafika kwenye majani. Nikasoma wanashuka porini alfajiri wanakata kwa panga. Akainua mkono.

"Nani kasema panga?"

Nikamwambia kuna mzee kanisaidia bibi. Akauliza ni mwanaume? Nikasema ndio. Akasema ndo maana. Majani wanakata kwa mundu, unashika fungu kwa mkono wa kushoto unavuta mundu kuja kwako, panga unakatia mgomba. Akanionyesha kwa mikono, yaani vidole vikakunja vyenyewe kabisa na kifundo kikazunguka kama jana tu alikuwa huko. Halafu akanionyesha kidole cha shahada cha kushoto, kuna alama nyeupe imekatiza juu ya kiungo, miaka yote namjua sikuwahi kuiona.

Nimerekebisha.

---

mzee_wa_mfongo

Ni mundu. Mwambie bibi namwomba radhi, mimi nilikuwa dunguni.